Nyumba ya Kimara iliyouzwa watu wakiwa ndani

Nyumba yenyewe iko Kimara, Dar es Salaam, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, umbali wa kupanda bodaboda. Ina vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo, na uani kuna banda la vyumba viwili vya wapangaji. Tofali za saruji za nchi sita, bati la msauzi, geti la chuma. Wenye nyumba ni mzee na mama, walimu wastaafu waliojenga kidogokidogo kwa mshahara na mikopo mpaka nyumba ikasimama. Walitaka kuuza wahamie Morogoro, lilipo shamba lao. Ndani walikuwa wakiishi wao wawili, binti wa kazi, na wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi ya jirani.

Mimi ni dalali wa upande huo. Nilipopewa kazi, nyumba ilikuwa imeshazungushwa na madalali wengine kwa miezi kadhaa. Watu walikuja kuiona, tena wengi. Waliangalia, wakashukuru, wakaaga vizuri, wakapotea. Wachache waliopiga simu baadaye walitaja bei ya chini mno, na mzee alikasirika kila aliposikia. Watoto wake walioko kazini walikuwa na shauri moja: hameni kwanza, nyumba ibaki tupu, ipakwe rangi yote, ndipo iuzwe. Nilipinga. Kisa hiki nakieleza kwa ajili ya ubishi huo, maana shauri la kuhama kwanza limezagaa, na nimeona wazee wakilitii wakaishia kulipa pango sehemu moja huku wakimlipa mlinzi sehemu nyingine.

Nyumba tupu hapa kwetu haiuziki kwa urahisi kama watu wanavyodhani. Mnunuzi wa Dar akikuta nyumba haina watu, swali lake la kwanza ni kwa nini wamehama. Je, maji hayatoki? Mafuriko? Kesi ya mirathi? Mkopo wa benki umewashinda? Nyumba yenye watu ndani inajibu nusu ya maswali hayo kabla hujafungua mdomo. Sufuria iko jikoni, kwa hiyo jiko linafanya kazi. Watoto wanaenda shule kwa miguu, kwa hiyo shule iko karibu. Mama anawasalimia majirani kwa majina, kwa hiyo mtaa hauna ugomvi. Hayo yote ni ushahidi, na ukiihamisha familia unauhamisha pamoja nayo.

Ushauri unaosambaa kwenye simu zetu umetoka Marekani, ambako kupamba nyumba ili iuzwe kumekuwa kazi kamili tangu miaka ya 1970, na Barb Schwarz wa jimbo la Washington ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake. Mengi ninayakubali. Punguza vitu, safisha, ruhusu mwanga, rekebisha kilichoharibika. Lakini kule mnunuzi huleta mkaguzi wa kulipwa, na hati hukaguliwa na kampuni zenye bima. Kwetu mnunuzi hujikagulia mwenyewe, kwa macho yake na kwa kuuliza watu. Ukiifuta nyumba alama zote za watu, unampokonya kitu alichokuwa akikitegemea.

Kazi ikawa kutofautisha: ni alama zipi za maisha zinaiuza nyumba hii, na zipi zinaizuia?

Niliomba siku moja mtu akija kuangalia, nisiseme neno, nifuate nyuma tu. Alikuja kijana na mkewe. Mzee aliwapokea getini kwa furaha ya kweli. Wakaketishwa sebuleni, zikaja soda, zikaja karanga, mzee akaanza historia ya nyumba tangu kununua kiwanja. Kisha akawatembeza yeye mwenyewe, akitangulia mlangoni na kueleza kila dirisha. Mke wa yule kijana alitaka kufungua kabati la jikoni, akamtazama mama aliyekuwa amesimama pale na mwiko, akarudisha mkono. Chumba cha masta walikiangalia wakiwa kizingitini. Hakuna aliyeingia. Chumba cha tatu hawakukiona kabisa, kwa sababu kilikuwa kimegeuzwa stoo na mlango ulifunguka nusu tu. Dakika chache baadaye walikuwa getini wakiaga.

Palepale nikaona kizuizi kikubwa kilikuwa wapi. Wale wawili walikaribishwa kama wageni, wakakaa kama wageni na kuondoka kama wageni. Mgeni mwenye adabu hapekui makabati ya watu, hachungulii uvunguni, hajaribu koki ya bafuni, wala haambiani na mkewe mbele ya mwenyeji kwamba ukuta huu tungeuvunja. Asipofanya hayo hawezi kujiona anaishi humo. Na ukarimu wa mzee haukuwa kosa hata kidogo. Mtu wa pwani au wa bara, ukifika kwake hakuachi usimame. Ila ukarimu ule ulipaswa kuhamishiwa mahali pengine.

Niliwaeleza hivyo bila kuzunguka, kwa heshima. Mama alielewa mara moja. Mzee ilimchukua muda. Aliniuliza, mtu aje kwangu nimwache azunguke peke yake, atanionaje? Tukakubaliana mpango huu. Wote wawili, mzee na mama, wawepo na wasalimie. Hapo sikutaka mzaha, kwa sababu mnunuzi makini wa nyumba ya familia anataka kumwona mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na watu wengi mjini wameshasikia visa vya mke aliyejitokeza baada ya fedha kulipwa. Mama akisalimia na kusema kwa kinywa chake kwamba wanahamia Morogoro, hofu hiyo inakufa papo hapo. Baada ya salamu, wao wakae chini ya mwembe uani, na soda ziwe huko, baada ya mnunuzi kumaliza kuzunguka. Maswali ya nyumba ayaulize akiwa ameshaiona yote.

Kilichofuata ni vitu. Sebule ilikuwa na seti ya makochi ya watu saba, meza ya kioo katikati, kabati kubwa la vyombo, televisheni, stuli na friji iliyokosa nafasi jikoni. Ukubwa wa sebule ni mzuri, lakini mtu akiingia alipita upandeupande. Tulitoa kochi moja la watu wawili na lile la mtu mmoja, yakaenda kwa binti yao Mbagala. Friji ikarudi jikoni baada ya meza ya zamani kuondolewa. Vitambaa vya makochi vikafuliwa na kurudishwa. Wengine wangevitoa. Mimi naona vitambaa safi vilivyonyooshwa vinaeleza nyumba inayotunzwa, na mnunuzi wa rika la hawa vijana amekulia kwenye sebule ya namna hiyo.

Picha za ukutani zilitutia kwenye mjadala mrefu. Kulikuwa na picha za mahafali, ya harusi, ya marehemu kaka yake mzee, na kalenda za miaka kadhaa za benki na za kanisa. Kalenda zilishuka bila ubishi. Picha ya marehemu kaka, mama aliihamishia chumbani kwao. Zilizobaki ni mbili za mahafali, tena nilitaka zibaki: watoto wamesomea hapa wakafika chuo. Kwa mzazi anayetafuta pa kulelea wanawe, nyumba imeshatoa cheti.

Chumba cha tatu ndicho kilichokuwa kikila bei. Tangazo lilisema vyumba vitatu, macho ya mnunuzi yakahesabu viwili na ghala. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi, cherehani mbovu, mabati yaliyobaki wakati wa kuezeka, madaftari ya wanafunzi wa miaka mingi na kitanda kilichovunjwavunjwa. Kuvitoa hivyo kulikuwa kugumu kuliko kupaka rangi, kwani mama alitaka kukagua kila kitu kabla hakijatoka, na alikuwa na haki. Kwenye boksi moja chini ya madaftari tulikuta risiti za saruji, nondo na bati. Niliwaomba wazitunze kama wanavyotunza hati. Mkazi akiuza nyumba, TRA hutoza asilimia 10 ya faida, na faida hupatikana baada ya kuondoa gharama ulizoweza kuzithibitisha. Anayesafisha nyumba kwa pupa hutupa fedha zake kwenye gari la taka.

Kilipobaki kitupu, chumba kile kilikuwa futi 10 kwa 10. Hapa pana hesabu ndogo ambayo watu hawaifanyi. Kitanda cha sita kwa sita kikikaa katikati ya chumba cha namna hiyo kinaacha futi mbili kila upande, na ukiongeza kabati mtu hapiti. Tuliweka cha futi nne kwa sita cha wajukuu, kikasukumwa ukutani, na meza yao ya kusomea dirishani. Ghafla kikawa chumba kikubwa. Wajukuu walihamia humo kweli, hatukukipanga kwa ajili ya maonyesho tu, na kwa sababu hiyo kilibaki nadhifu. Watoto walikipenda.

Kwenye korido ya kwenda jikoni yalipangwa mapipa ya bluu na madumu. Wakazi wa Kimara wanajua yanaeleza nini: maji ya mgao. Mtu mmoja wa familia alitaka yafichwe nyuma ya banda siku za wageni. Nilikataa kuficha, nikakubali kuhamisha. Korido ni njia, haipaswi kuwa na kitu. Mapipa mawili yalikwenda nje chini ya mnara wa simtank ya lita 5,000, yaliyosalia yakagawiwa wapangaji. Mnunuzi alipouliza aliambiwa ukweli, kwamba bomba la mtaa huo halitoki kila siku, na kwamba tanki likijaa linaihudumia familia ya watu watano mpaka mgao unaofuata. Kisha anafungua koki ya jikoni mwenyewe. Maji yakitoka kwa nguvu mbele ya macho yake, mjadala wa maji unakwisha.

Sasa ukuta wa chumvi, ambao ndio uliotugharimu muda na ndio ulioamua bei.

Kwenye ukuta wa sebule unaotazama bustani, rangi ilikuwa imebanduka kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe, na plasta ikigongwa inalia mvungu. Mzee alikuwa akipaka upya kila mwaka, safari ya mwisho kwa rangi ya mafuta kwa kuambiwa kwamba inazuia unyevu. Rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu hufanya kinyume. Maji yanaendelea kupanda ndani ya tofali, yanakosa pa kutokea, yanaisukuma rangi mpaka ivimbe malengelenge. Kochi kubwa ndilo lililokuwa likiziba doa hilo, na kila mnunuzi aliyejua nyumba za Dar alilivuta kochi kwa macho hata kama hakuligusa kwa mkono.

Fundi wa kwanza alitaka kukwangua, kupiga rangi, na kazi iishe kabla ya jioni. Nilimwomba mzee tutoke nje tuangalie upande wa pili wa ukuta huohuo. Bustani ya maua ilikuwa imejengewa ukingo wa tofali na kuegemezwa moja kwa moja ukutani, udongo wake ukiwa juu kuliko sakafu ya ndani, na mama aliimwagilia kila jioni. Juu yake, kiungo cha gata kilikuwa kimeachana, mvua yote ya upande ule ikimwagika papo hapo. Ukuta ulikuwa ukinywa maji mwaka mzima, na maji yakipanda huyeyusha chumvi iliyomo kwenye mchanga na saruji, yakikauka juu huiacha.

Maua yalihamishiwa kwenye uzio. Udongo ukachimbwa mpaka chini ya usawa wa sakafu, pakawekwa kokoto na mteremko wa kuondoa maji, na gata likaunganishwa. Ndani, plasta ikabomolewa hadi futi moja na nusu juu ya mwisho wa doa, tofali zikapigwa brashi kavu, zikaachwa zipumue huku feni ikielekezwa hapo, kisha plasta mpya ya mchanga safi usio na chumvi. Plasta mpya inahitaji kama wiki nne kabla ya rangi. Mzee hakutaka kusubiri, mimi nikasema tusisubiri na tusipake. Sehemu ile ibaki ya kijivu, kochi lisogezwe mbali, kila mtu aione.

Watoto wao walinipigia simu kulalamika. Nyumba inauzwa na ukuta una kiraka! Nilisimama hapo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya sheria: kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba uliopatikana kwa kudanganya unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa, na rangi iliyopakwa juu ya unyevu unaoujua ni mwanzo wa kesi. Ya pili ni ya soko. Rangi mpya kwenye futi mbili za chini za ukuta humfanya mnunuzi wa Dar awaze chumvi au mafuriko. Plasta iliyo wazi, na nje kokoto na gata jipya, humwonyesha tatizo, chanzo chake na dawa yake kwa mpigo mmoja. Hana cha kuwaza tena.

Kwa hoja hiyohiyo nilizuia kupaka ukuta wa nje wa mbele. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara, baada ya kuwekewa alama ya X. Mnunuzi akikuta Kimara ukuta wa mbele peke yake una rangi mbichi, anajiuliza kilichofutwa ni nini. Tuliuosha kwa maji na sabuni, tukaufuta utando wa buibui, tukapaka geti. Nakala ya hati na ramani ya upimaji inayoonyesha kiwanja kiko nje ya hifadhi ikawekwa kwenye faili moja na stakabadhi za pango la ardhi na bili za DAWASA zilizolipwa. Faili likakaa kwenye meza ya uani, kule kwenye soda.

Rangi ya ndani ilipigwa sebuleni kwingine na kwenye korido tu, rangi ya maji, nyeupe iliyopoa kidogo. Ndoo moja ya lita 20 ilitosha mikono miwili. Balbu zote zikabadilishwa ziwe za mwanga wa aina moja, kwani awali sebule ilikuwa ya njano na korido ya buluu. Picha nilizipiga asubuhi, mapazia yamefunguliwa, simu ikiwa usawa wa kifua, kutoka kona ya chumba. Ya kwanza kwenye tangazo ilikuwa ya nyumba na geti lililo wazi, ya pili sebule, ya tatu kile chumba cha wajukuu.

Kuishi ndani ya nyumba inayoangaliwa kunachosha, na hili lisemwe waziwazi kwa familia kabla hawajakubali. Tuliweka masharti mawili ya kuwalinda. Hakuna dalali kuleta mtu bila kupiga simu tangu jana yake, na saa za kuangalia ni asubuhi baada ya watoto kwenda shule, au Jumamosi. Dagaa na samaki vilipikwa jioni. Nguo zilianikwa nyuma ya banda badala ya mbele. Kikapu kimoja kikubwa kiliwekwa chumbani kwa mama, na simu ikipigwa kila kilichozagaa kinaingia humo. Wapangaji wa uani waliarifiwa kwa heshima na kuombwa milango yao iguswe mwisho, tena kwa ruhusa yao. Kwa kuwa walikuwa na mita yao ya LUKU, nalo lilisemwa, maana wanunuzi wa nyumba zenye mabanda huuliza ugomvi wa umeme kabla ya kuuliza kodi.

Wanunuzi waliofuata walikaa muda mrefu zaidi ndani. Hayo yalikuwa mabadiliko ya kwanza niliyoyaona, kabla ya bei yoyote kutajwa. Waliokuja kununua ni mume na mke wenye watoto wadogo. Mke alifungua makabati yote ya jikoni. Mume alikwenda moja kwa moja kwenye kiraka cha kijivu, akakigonga, akatoka nje kuangalia kokoto, akarudi akiwa ameridhika. Katika chumba cha tatu walisimama wakabishana kitanda cha nani kitakaa wapi. Mzee aliyasikia kutoka chini ya mwembe, akaniangalia, akatabasamu.

Bei haikufika ile ya kwanza ya mzee, ambayo kusema kweli ilikuwa imekadiriwa kwa jasho alilotoa zaidi ya soko la mtaa. Ilifika karibu, na juu sana ya zile zilizokuwa zikimkasirisha. Wanunuzi waliomba punguzo kwa ajili ya rangi ya ukuta ule, wakapewa gharama ya fundi na rangi, kiasi kidogo ambacho mama mwenyewe alikipendekeza. Ukuta uliofichwa ungepunguziwa kwa makisio ya hofu, na hofu ya mnunuzi siku zote hukadiria juu.

Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, mama akatia sahihi ya ridhaa, malipo yakapitia benki. Familia ilipewa muda wa kukaa mpaka shule zifunge ili wajukuu wasikatize muhula, na sharti hilo liliandikwa kwenye mkataba pamoja na orodha ya vinavyobaki: simtank, mabomba ya mapazia, feni za dari na kabati la jikoni. Kochi kubwa lilikuwa limeshaahidiwa mtu wa Morogoro.

Fedha nyingi zaidi katika maandalizi yote zilikwenda kwenye gata, kokoto na plasta. Chumba cha tatu kiligharimu nauli ya kirikuu na jasho. Nikipewa kesho nyumba nyingine ya aina hii na bajeti ya nusu, nitaanza na hivyo viwili, na rangi ya sebule nitaiacha.